Rula ya stesheneri na tachipedi iliyogoma

Kuna mama ana stesheneri mtaani kwetu Sinza, mi nimekua ananiona, enzi niko kidato cha nne alikuwa ananitolea kopi za mitihani ya nyuma afu hela tunamalizana mwisho wa mwezi. Kwahiyo akinipigia simu kuhusu kompyuta yake naenda. Jumamosi moja akapiga asubuhi mapema kabla hata sijanawa uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile mashine virusi vimeisha kweli, Mungu akubariki, ila hiki kibao cha kupapasia kimekufa. Hakishtuki kabisa. Na mausi yenyewe nayo waya umekatika jana, nina foleni ya watoto wanataka kuprinti."

Wiki moja kabla nilikuwa nimemtolea Windows na kumwekea Linux, na sababu ilikuwa fleshi. Anayejua stesheneri zetu anajua, kila mtu anakuja na fleshi yake, moja imetoka intaneti kafe, nyingine imetoka ofisini, inachomekwa, mafolda yote yanageuka shotikati, na mteja anayefuata anaondoka na virusi vya aliyemtangulia. Nilimwambia tutaondokana na hilo na kweli tuliondokana nalo. Tachipedi sikuijaribu kwa sababu siku ile mausi ilikuwa imechomekwa, na kwenye kazi hii ni lazima ujaribu kila kitu ambacho mkono wa mtu utagusa. Niliondoka nyumbani najua lile ni deni langu.

Nilivyofika nilianza na dmesg, yaani ile logi ambayo kerneli, kiini cha Linux, inaandika toka mashine inawaka. Kibodi ipo, kamera ipo, tachipedi haitajwi popote kama kitu kinachofanya kazi. Nikaingia kwenye folda ya vifaa vya basi la I2C (njia ya nyaya ambayo vifaa vya ndani ya laptop vinaongelea), /sys/bus/i2c/devices, na pale nikakikuta: jina la herufi nne na tarakimu nne, kimekaa, kimetambuliwa kwamba kipo, lakini ndani ya folda yake hakuna kiungo cha draiva, yaani programu ya kukiendesha. Kuna kifaa na hakuna aliyekidai. Ni kama mzigo umeshushwa stendi, una lebo kabisa, ila hakuna mtu kwenye orodha mwenye jina hilo kwahiyo umeachwa pale pale unapigwa jua.

Hapa inabidi nieleze kidogo maana watu wengi wanafikiri tachipedi ni mausi iliyolazwa tu. Ilianza hivyo kweli. PS/2 ni mlango ambao IBM waliutoa 1987 na mausi ya kwenye mlango ule inaongea kwa pakiti za baiti 3, ndani yake kuna vitufe na "nimesogea kiasi hiki kwenda kulia, kiasi hiki kwenda juu", basi. Haisemi iko wapi. Tachipedi zilivyokuja miaka ya 90 zilijifanya mausi ya namna hiyo ili mashine yoyote izielewe, lakini ndani zilikuwa zinajua mengi zaidi, kidole kiko sehemu gani hasa, kimekandamiza kiasi gani, ni kipana au chembamba. Swali likawa draiva inaulizaje hayo yote kwenye mlango ambao hauna neno la kuulizia.

Jibu la Synaptics, kampuni ya tachipedi, mi mpaka leo nalipenda. Mausi ya PS/2 ina amri moja ya kupanga usahihi, namba yake kwa heksadesimali ni E8, na inakubali thamani nne tu, 0 mpaka 3, yaani biti mbili. Draiva inatuma amri ile mara nne mfululizo, biti mbili mbili mbili mbili, ikijumlishwa inakuwa baiti nzima, kisha inatuma E9 ambayo kawaida ni kuuliza hali. Mausi ya kawaida ikipokea hivyo inaona mtu kabadilisha usahihi mara nne, haidhuriki, inajibu hali yake. Lakini Synaptics ikisikia mpigo ule inajua hii ni hodi, kuna mtu anayenifahamu mlangoni, na kwenye jibu lake baiti ya katikati inakuwa 47 ya heksadesimali. Ukiiona 47 umeitikiwa karibu. Kuanzia hapo unaiambia ibadilishe, badala ya baiti 3 inatuma pakiti za baiti 6, hadi 80 kwa sekunde, zenye X, Y, mkandamizo, na namba moja inaitwa W.

W ni namba ndogo, inaanzia 0 inaishia 15, ila imebeba mambo. Ikiwa 4 kwenda juu ni upana wa kidole. Ikiwa 0 maana yake vidole viwili, 1 ni vitatu au zaidi. Na ikiwa 3, pakiti nzima si ya tachipedi, ni ya ile nukta nyekundu ya katikati ya kibodi kwenye ThinkPad, ile TrackPoint aliyoibuni Ted Selker pale IBM na ikatoka kwenye ThinkPad 700C mwaka 1992. Nukta ile kwenye laptop nyingi imeunganishwa nyuma ya tachipedi, kwahiyo baiti zake zinasafiri zimefungwa ndani ya bahasha ya tachipedi, na draiva ya Linux inafungua bahasha na kuzikabidhi kwa draiva nyingine kana kwamba zimekuja na waya wake. Nilivyosoma kodi ile mara ya kwanza nilikaa nayo usiku mzima, kila mstari una sababu yake.

Na tuliweza kuwa nayo kwa sababu Synaptics walichapisha mwongozo wa namna ya kuongea na kifaa chao. Alps, kampuni nyingine ya tachipedi, hawakuchapisha, na draiva ya Alps kwenye kerneli imejengwa na watu waliokuwa wanatega sikio: unawasha Windows ndani ya mashine pepe, draiva ya kampuni inafikiri iko kwenye laptop halisi, wewe unaandika kila baiti inayopita kwenda na kurudi, kisha unakaa na kurasa za namba unajiuliza hii F0 hapa ilikuwa inaomba nini. Ukifungua alps.c leo utakuta matoleo ya protokali yamepangwa moja baada ya jingine, na kila moja lilikula wiki za watu wengi ambao hawakulipwa chochote. Msimamo wangu hapa haujawahi kuyumba: kampuni inayouza kifaa cha kuguswa na watu ichapishe namna kinavyoongea. Kinakaa chini ya vidole vyetu kila siku, tuna haki ya kujua.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi kiasi. Mwaka 2012 Microsoft walitoa maelezo ya HID (lugha ya pamoja ya vifaa vya mkono kama kibodi na mausi) juu ya I2C, 2013 pamoja na Windows 8.1 zikaja tachipedi wanazoziita Precision, na mwaka huo huo kerneli 3.8 ikatoka ikiwa na i2c-hid. Kifaa kinajieleza chenyewe: kwenye ACPI, orodha ya vifaa ambayo mashine inaupa mfumo, kinasema mi ni PNP0C50, unasoma maelezo yangu kwenye rejista fulani, maelezo ni baiti 30, humo utakuta kila unachohitaji. Draiva moja inahudumia chapa nyingi. Ukikutana na ya namna hii na ina nyota njema, hufanyi kitu.

Ya mama haikuwa ya namna hii. Ilikuwa inaongea lugha ya kwao, draiva yake ipo kwenye kerneli, na draiva ile ina jedwali la majina inayoyahudumia. Nikalifungua. Jina la tachipedi ya mama halimo. La kabla yake limo, la baada yake limo, lenyewe limerukwa. Asee. Chipu ni ile ile, familia ni ile ile, kinachokosekana ni mstari mmoja wenye herufi nane ndani ya alama za kunukuu.

Nikaongeza mstari. Nikakompaili moduli, yaani ile draiva yenyewe, pale pale kwenye kaunta, mashine ina RAM ya giga 4 na mama anaendelea kuprinti kwa kutumia kibodi peke yake, Tab, Tab, Enta, nilimfundisha fasta na akashika. Nilivyopakia moduli sikugusa tachipedi kwanza. Nilifungua /proc/interrupts. Faili hili linaonyesha kila kifaa kimegonga mlango wa prosesa mara ngapi, kila hodi inaitwa intarapti, na sasa kulikuwa na mstari mpya ambao dakika mbili zilizopita haukuwepo, umesimama kwenye sifuri. Nikaweka kidole. 38. Nikasogeza. 211. Nikatoa, ikasimama pale pale. Unajua, unaweza ukafundishwa intarapti darasani mihula miwili na usiielewe kama unavyoielewa ukiiona namba inapanda chini ya kidole chako mwenyewe na kutulia ukikiinua.

Kwanini niliangalia intarapti kabla ya kishale? Kwa sababu hapo ndo wengi wanapotea. Mwaka 2020 kulikuwa na laptop za AMD ambazo tachipedi yake kwenye Linux ilikuwa ama imekufa ama inaburuta, watu wakahangaika na draiva ya tachipedi miezi, kumbe draiva ya tachipedi haina kosa lolote. Tachipedi ya I2C inaomba kusikilizwa kwa kushusha umeme wa pini moja ya chipu, zinaitwa GPIO, na draiva ya pini za AMD ilikuwa na kichujio cha kuondoa mitetemo ya swichi ambacho kikiambiwa kizimwe hakizimiki sawasawa, kwahiyo kikawa kinameza maombi ya tachipedi. Kwenye kusafisha kodi ile ile ikagundulika pia kwamba kipimo kimoja cha muda kiliandikwa mikrosekunde 15,600 wakati mizunguko 512 ya saa ya 32.768 kHz ni 15,625 kamili. Aliyelifuata bagi lile mpaka mwisho alitoka kwenye tachipedi akaishia kwenye biti mbili za rejista ya pini. Toka niisome ile habari sigusi kishale kabla ya kuhesabu intarapti.

Kishale kikasogea. Mama akasema alhamdulillah, mi nikasema bado mama, tusubiri.

Nikafungua evtest. Hii inakuonyesha matukio mabichi kama yanavyotoka kwenye draiva: ABS_MT_SLOT 0, ABS_MT_TRACKING_ID 412, ABS_MT_POSITION_X 1530, ABS_MT_POSITION_Y 988, BTN_TOUCH 1, afu SYN_REPORT inayofunga sentensi. Kidole kikiinuka namba ya ufuatiliaji inakuwa -1. Hayo ndo yote ambayo kerneli inasema. Haisemi "amekliki", haisemi "anaskroli", haijui. Anayekisia nia ni libinput, programu inayokaa juu yake, na hii ndo sehemu ambayo kwangu ina uzito kuliko zote. Kidole kimegusa na kuinuka kabla ya milisekunde 180, hapo ni kliki. Umebonyeza kitufe cha kibodi, tachipedi inazibwa milisekunde 200, ukiendelea kutaipu inazibwa 500 toka kitufe cha mwisho, ili kiganja chako kisihamishe kishale katikati ya sentensi. Hizo namba mtu alizichagua. Mtu alikaa akajiuliza binadamu anagusa vipi kitu, akachagua, akapokea malalamiko, akachagua tena. Peter Hutterer, aliyeibeba libinput miaka mingi toka ilipozaliwa kwenye mradi wa Weston, ameandika sana kuhusu hili na kila nikimsoma naona anavyouheshimu mkono wa mtumiaji.

Tukaja kwenye mambo mawili yaliyobaki. La kwanza, kishale kilikuwa kinaruka chaja ikiwa imechomekwa, ukichomoa kinatulia. Kwenye logi libinput inaandika kabisa kwamba mguso umeruka na umetupwa, na inaanza na maneno yanayoilaumu kerneli. Safari hii haikuwa kerneli. Tachipedi inapima mabadiliko madogo sana ya kapasitansi, yaani uwezo wa kushika chaji ya umeme, yanayoletwa na kidole chako kukaribia waya zilizo chini ya ile plastiki, kipimo chake ni pikofaradi, na chaja ya mama ilikuwa ya kununua mtaani, pini mbili, haina ethi, imechomekwa kwenye ekstensheni ambayo nayo haina ethi. Bodi yote ya laptop inaelea. Ukipitisha nyuma ya mkono juu ya kile chuma unahisi kama vijidudu vinatembea. Kelele ile inaingia moja kwa moja kwenye kipimo na hakuna draiva duniani itakayoitenganisha vizuri na kidole chenye jasho la Dar la mwezi wa pili. Tukahamia soketi ya ukutani yenye pini tatu na chaja ya mashine nyingine, kuruka kukaisha. Najua watu wamebadilishiwa tachipedi nzima kwa tatizo hili, wamelipa hela, na tatizo limerudi nao nyumbani. Kabla ya kufungua laptop chomoa chaja kwanza, ujaribu.

La pili lilikuwa raiti kliki. Mama aliniambia "inakubali mara moja moja, mpaka nibonyeze huku chini kabisa ukingoni". Tachipedi hizi hazina vitufe, kibao kizima kinabonyea, na libinput inajichorea yenyewe eneo la kitufe sehemu ya chini: milimita 10, au asilimia 15 ya urefu, ile iliyo ndogo. Kwahiyo ili ijue milimita 10 ziko wapi lazima ijue kibao kina urefu gani, na hilo linatoka kwenye draiva. Draiva ilikuwa inasema Y inaishia 2198, vipimo 31 kwa kila milimita, ambayo ni karibu milimita 71.

Nikamwomba mama rula. Akatoa ile ya sentimita 30 ya plastiki anayouzia wanafunzi, ikiwa bado na kibandiko cha bei. Nikailaza kando ya kibao: milimita 65. Nikarudia kwa sababu niliona nimekosea. 65. Nikaendesha libinput measure touchpad-size, unaipa vipimo vya rula kisha unapitisha kidole kwenye kingo zote taratibu, mara nyingi, na yenyewe inaandika namba kubwa na ndogo ilizoziona. Upande wa X ulikuwa sawa. Y haikuvuka 2015 hata ungefanyaje, na 2015 ukigawa kwa 31 ni 65.

Ona sasa kilichokuwa kinatokea. libinput inaamini kibao kina urefu wa milimita 71, kwahiyo inaanza eneo la kitufe kwenye milimita ya 61. Kibao halisi kinaishia 65. Mama alikuwa amebakiziwa ukanda wa milimita 4 za raiti kliki, na kidole chake cha shahada ni kipana kuliko hapo. Mkono wake ulikuwa sahihi muda wote.

Marekebisho hayagusi hata kodi, ni faili la hwdb, orodha ya tabia za vifaa, unaandika laptop ni ipi halafu EVDEV_ABS_01 na EVDEV_ABS_36 na mipaka ya kweli, systemd-hwdb update, udevadm trigger, kwisha. Hilo faili linagawiwa kwa wote pamoja na mfumo, ukituma marekebisho kwa wanaolitunza yakapokelewa basi kila mwenye laptop ile, awe Dar au Kisumu au Warsaw, anaamka siku moja raiti kliki yake inafanya kazi na hajui kwanini.

Usiku nikakaa kuandaa kiraka, yaani marekebisho ya kodi, cha ule mstari wa kwanza, wa jina lililorukwa, nitume kwenye orodha ya barua ya linux-input. Nikavuta kerneli mpya kwanza ili nifanyie kazi juu yake. Jina lilikuwa limo. Kuna mtu alishaliongeza, sisi tulikuwa tunatumia kerneli ya zamani zaidi tu. Nilisoma ule ujumbe wa kiraka chake, mistari mitatu, anasema kwenye laptop yake tachipedi haikuwa inafanya kazi na sasa inafanya. Nimefikiria sana kuhusu mtu yule. Laptop zinazouzwa kwetu nyingi ni yuzdi, zinatua Kariakoo miaka mitatu minne baada ya kuuzwa mpya kwingine, kwahiyo kasoro zake nyingi zinakuwa zimeshakutana na mtu huko zilikotoka. Ila zikishakuja huku zinakutana na ambayo huko hazikukutana nayo, ekstensheni isiyo na ethi, vumbi, jasho, mashine inayotumika saa 14 kwa siku na watu sita tofauti, na hayo hakuna wa kuyaandika zaidi yetu.

Vipimo vya rula havikuwepo popote. Hivyo nikavituma. Jibu likaja baada ya siku mbili, la adabu kabisa, wanaomba rekodi ya libinput record ili wahakikishe ule mpaka wa chini kwa mkono wa mtu anayeitumia.

Jumatatu jioni nikarudi stesheneri. Nikawasha rekodi nikamwambia mama atumie kama kawaida yake, asogeze, askroli kwa vidole viwili, afanye raiti kliki, apapase kingo zote nne.

"Mwanangu, sasa hii inaandika kila ninachogusa? Maana hapa nina nywila ya M-Pesa ya biashara."

Nikamwonyesha kwenye skrini. Vitufe vya kibodi rekodi inaviziba yenyewe, haitoi herufi, ukitaka ivionyeshe ni lazima uombe makusudi. Kidole tu ndo kinachoandikwa. Akaangalia namba zinavyoshuka, akavua pete, akaweka kidole juu kabisa ya kibao akakiteremsha polepole, 1400, 1720, 1966, mpaka plastiki ikaisha. 2015.